Ufunguo wa Shule Uko Mfukoni mwa Nani?



Kila mwaka, mwanzoni mwa mwezi wa saba, tunaona mambo yale yale. Watoto wanapewa buletini, wazazi wanapiga makofi, mwalimu anafuta ubao, direkteri anatia kufuli mlangoni. Watoto wanatoka mbio wakipiga kelele: Vakansi! Vakansi! Na sisi wakubwa tunacheka pamoja nao, kwa maana nani asiyependa kumwona mtoto akifurahi?

Lakini kesho yake, saa kumi na moja ya asubuhi, kungali giza na baridi inauma, mama mmoja wa Katuba anasimama mlangoni mwa nyumba yake. Kichwani ana beseni ya samaki wakavu, anataka kuwahi nafasi yake sokoni. Ndani watoto wanne wamelala. Mkubwa wao ana miaka kenda. Juzi mama huyu alijua watoto wake watakaa wapi tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Leo hajui. Kesho hatajua, na kesho kutwa vilevile, mpaka mwanzo wa mwezi wa kenda.

Juu ya mama huyu tunataka kusema leo, na tunataka kusema wazi. Desturi ya kufunga shule karibu miezi miwili, kuacha uwanja mtupu na madarasa matupu, na kuwaambia wazazi: «Sasa shikeni watoto wenu», ni desturi mbaya. Hatusemi kwamba vakansi ni mbaya. Kupumzika ni haki ya mtoto, ni haki ya mwalimu pia. Kilicho kibaya ni kufunga mlango pasipo kuuliza mtoto anakwenda wapi.

KALENDA HII INATOKA WAPI?

Wengine wanafikiri kalenda ya shule ni kama majira, haigeuzwi. Sivyo. Kalenda hii ilitungwa na watu, na watu wale hawakuitunga kwa ajili yetu. Ilikuja na Wabeljiki. Kwao mwezi wa saba na wa nane ni miezi ya joto, miezi ya jua refu. Kwetu Katanga ni miezi ya ukavu, ya baridi usiku na vumbi mchana. Mahindi tumekwisha kuyavuna, na kupanda tena tunangoja mvua ya mwisho wa mwaka. Basi, anayesema kwamba watoto wanaachiliwa ili wawasaidie wazazi kupanda shamba, hajatazama mbingu ya Katanga mwezi wa nane. Wakati mvua inaponyesha na jembe linapohitaji mikono, mtoto yuko darasani.

Na sikilizeni jambo lingine. Wabeljiki wenyewe, wale wa lugha ya Kifaransa, waligeuza kalenda yao mwaka 2022. Waliona kwamba vakansi kubwa ni ndefu mno, wakaipunguza, wakapanga majuma saba hivi ya masomo na majuma mawili ya kupumzika, mwaka mzima. Mwenye koti amekwisha kulikata upya, na sisi tuliopewa lile la zamani tungali tunalivaa, ingawa halikututosha tangu mwanzo.

Tukumbuke pia namna watu walivyokaa mji huu zamani. Union Minière iliundwa mwaka 1906. Tangu miaka ya 1920 ilianza kuwaweka wafanyakazi kambini pamoja na wake na watoto wao. Baba alikwenda mgodini, mama alibaki nyumbani. Kampuni ilitoa nyumba, ilitoa posho, ilijenga lopitali na shule. Hatusifu siku zile. Mtu aliyepewa vyote na bwana wake hata chungu chake si chake, na wazee wetu wanajua namna walivyohesabiwa na kuchunguzwa. Lakini tuseme kweli: shule ya kambi ilipofungwa, mama alikuwa nyumbani, jirani yake alikuwa nyumbani, na uwanja wa kambi ulikuwa na macho mengi.

Mwaka 1967 mali ya kampuni ikawa ya Serikali, baadaye ikaitwa Gécamines. Miaka ya 1990 ikaanguka. Mishahara ikakaa miezi na miezi bila kulipwa. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kazini kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, na wengi wao wangali wanauliza ile hiari ilikuwa ya nani. Ndipo mama waliposimama. Wakaenda kuuza makala, mkate, sombe, nguo za mitumba. Wakafungua malewa kando ya njia. Wakaenda kufua na kufagia kwa watu. Tangu siku zile, nyumba nyingi za Lubumbashi, za Likasi na za Kolwezi zinakula bukari kwa sababu mama ametoka asubuhi.

Maisha yamegeuka. Kalenda haikugeuka. Inasema na mama aliyekaa nyumbani, na mama yule hayupo tena.

TUFANYE HESABU

Labda msomaji atasema: «Mfanyakazi naye ana konje yake, achukue siku zile akae na watoto.» Vema, tuhesabu pamoja. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inampa mfanyakazi mkubwa konje ya angalau siku moja ya kazi kwa kila mwezi mzima aliotumika, na inaongeza kidogo kwa yule aliyekaa miaka mingi. Basi, kwa mwaka ni siku kumi na mbili. Baba na mama wote wawili wakiwa na kazi ya mkataba, na wakikubali kutopumzika hata siku moja pamoja, wanapata siku ishirini na nne. Vakansi kubwa peke yake ina siku za kazi zaidi ya hamsini. Hatujahesabu Noeli. Hatujahesabu Pasaka.

Na hao ndio wenye bahati, wenye karatasi ya kazi. Walio wengi hawana mkataba wala konje. Mama wa sokoni akikaa nyumbani siku moja, jioni chungu hakipandi juu ya mbabula. Akikaa siku tatu, mtaji umekwisha kuliwa. Mwambieni huyo achukue konje, mtaona atakavyowatazama.

Wenye mali wamekwisha kupata dawa yao. Wanalipa masomo ya vakansi, wanalipa mtumishi wa kukaa na watoto, wanawapeleka kwa ndugu walio mbali. Kwao vakansi ni vakansi kweli. Kwa maskini ni mtihani wa majuma kenda, na hakuna anayemfundisha namna ya kuushinda.

JAMBO LILILOTUFUNDISHA SISI

Tusimulie jambo moja lililotokea kwetu. Mama mmoja wa parokia yetu alikuwa anafagia katika ofisi moja ya mjini. Mume wake alikuwa mbali, akitafuta. Vakansi ilipokuja, mama huyu alifanya kama wengine: asubuhi alipika, akafunika chakula, akamweka binti yake wa miaka minane kuwa mkubwa wa nyumba, akafunga mlango kwa nje ili watoto wasitangetange njiani. Siku moja mdogo alilia kwa njaa mbele ya saa. Binti akawasha mbabula ndani ya nyumba, akatia sufuria ya maji. Sufuria ikapinduka. Mguu wa mdogo ukaungua tangu goti mpaka unyayo.

Jirani walivunja mlango. Mtoto alipona, lakini alama anayo mpaka leo. Mama alikaa majuma matatu lopitali, na aliporudi ofisini alimkuta mwingine ameshika ufagio wake. Na yule binti wa miaka minane, ambaye alifanya tu kazi aliyopewa, siku nyingi hakutaka kusema na mtu.

Watu walisema nini? Walisema: «Mama gani anafungia watoto kama kuku?» Na sisi makatekista, tusifiche, tulisema vilevile. Tena tulisema mbele ya watu, kwa sauti ya mafundisho.

Jioni moja baadaye tulikwenda kufungua chumba cha mafundisho kwa ajili ya mkutano. Tulipotia ufunguo katika kufuli, mmoja wetu akasema polepole: «Chumba hiki kilikuwa kitupu siku ile.» Tukanyamaza. Kilikuwa kitupu, ndiyo. Benchi zilikuwamo, kivuli kilikuwamo, bomba la maji liko uwanjani, mlinzi analipwa. Kutoka mlango wa yule mama mpaka mlango ule si mwendo wa dakika tano. Mama alifunga mlango wake kwa sababu sisi tulikuwa tumefunga wetu. Tofauti ni hii tu: yeye alifunga kwa hofu ya kupoteza watoto, na sisi tulifunga kwa desturi.

Tangu siku ile hatuna ulimi tena wa kuwahukumu mama wa namna hiyo.

MTOTO ANAKWENDA WAPI?

Tumesema kwamba hakuna anayeuliza mtoto anakwenda wapi. Sisi tunakwenda nyumba kwa nyumba, basi tunajua kidogo.

Binti mkubwa haendi popote. Anakuwa mama. Anabeba mdogo mgongoni, anachota maji, anapika, anafua. Kalamu anaisahau. Akirudi shuleni mwezi wa kenda, mwalimu anasema amekuwa mzito wa akili. Hakuwa mzito. Alichoka.

Kijana anatoka. Kwanza anacheza mpira. Halafu anafuata wakubwa wake njiani. Halafu, katika miji ya migodi, anafuata njia ya mashimo. Anaokota mawe, anayachagua, anayaosha mtoni, anapewa franka kidogo. Wengine wanasema wazi kwamba wanatafuta pesa ya kaye na ya viatu vya shule. Mwaka 2014 UNICEF ilikadiria kwamba watoto karibu 40,000 walikuwa wanafanya kazi katika migodi ya kusini mwa Kongo. Sheria ya mwaka 2009 ya kulinda mtoto inakataza kazi za namna hiyo. Lakini sheria haikai na mtoto saa nne ya asubuhi mwezi wa nane. Aliyezoea kushika pesa mkononi kila jioni, benchi ya shule inamwona mara nyingine, na mara nyingine haimwoni tena.

Hatuseme kwamba kila shimo linajazwa na vakansi. Umaskini unafanya kazi mwaka mzima. Tunasema tu kwamba shule ni ukuta kati ya mtoto na shimo, na kila mwaka tunaubomoa ukuta ule kwa majuma kenda, halafu tunashangaa.

Anayetaka ushuhuda mkubwa zaidi akumbuke mwaka 2020. Kwa sababu ya ugonjwa wa korona, shule zote za Kongo zilifungwa tangu tarehe 19 ya mwezi wa tatu. Madarasa ya mwisho yalirudi tarehe 10 ya mwezi wa nane, mengine yalingoja mpaka tarehe 12 ya mwezi wa kumi. Kisha tarehe 18 ya mwezi wa kumi na mbili zikafungwa tena mpaka tarehe 22 ya mwezi wa pili 2021. Hatubishani na waganga. Ugonjwa ulikuwa ugonjwa. Lakini tuliona kwa macho yetu nini kinatokea mtoto akikosa mahali pa kukaa: mabinti walioacha kaye wakachukua mimba, vijana walioingia kazi za wakubwa. Na ndugu zetu wa Goma na wa Bukavu, ambao vita ilifika mpaka milangoni mwao mwanzoni mwa mwaka 2025, wanajua kuliko sisi kwamba shule iliyofungwa si nyumba tu iliyofungwa.

WANAOTUPINGA

Tunajua kuna watakaotupinga. Tuwajibu kwa heshima.

Wa kwanza watasema: «Walimu wamechoka, tena mshahara wao ni kidogo.» Ni kweli kabisa. Tangu mwezi wa kenda 2019, masomo ya shule za msingi za Serikali yalipofanywa bila malipo, kama Katiba ya mwaka 2006 inavyotaka, watoto walikuja wengi sana, na mwalimu mmoja akapewa kundi ambalo wawili wangelishindwa. Mwalimu apumzike. Tena mwalimu naye ni mzazi, na mke wa mwalimu naye yuko sokoni. Hatumwombi mwalimu afundishe bure mwezi wa nane. Tunaomba uwanja ufunguliwe, na awepo mtu mwingine wa kuutunza, naye apewe shukrani yake.

Wa pili watasema: «Zamani mtoto alilelewa na nkambo, na shangazi, na kijiji kizima.» Kweli. Na nkambo yuko wapi leo? Nkambo yuko sokoni pia, au yuko kijijini safari ya siku mbili, au yuko kaburini. Shangazi anapanga chumba kimoja upande mwingine wa mji. Anayesifu ukoo wa zamani asiishie kuusifu. Parokia inajiita jamaa. Basi ifanye kazi ya jamaa.

Wa tatu watasema: «Wezi wataiba benchi, watoto watavunja madirisha.» Labda dirisha moja litavunjika. Tuliweka dirisha na mguu wa yule mtoto katika mizani, na mizani haikukaa sawa.

Wa ine watasema: «Ni kazi ya Serikali.» Ndiyo, ni kazi ya Serikali kuchunguza kalenda, kuitangaza mapema, kulipa walimu ili mgomo usiongeze vakansi nyingine juu ya vakansi. Tusiache kuidai. Lakini shule nyingi za nchi hii, tangu mapatano ya mwaka 1977, zinaongozwa na makanisa, na sisi Wakatoliki tuna nyingi. Katika mambo ya shule zetu, anayesema «Serikali» mara nyingine anataka tu kuficha ufunguo ulio mfukoni mwake.

TUNAOMBA NINI?

Hatuombi mambo makubwa. Tunaomba manne.

La kwanza: kila parokia ifungue uwanja mmoja na vyumba viwili, mwezi wa saba na wa nane, tangu saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi mpaka saa kenda ya mchana. Si shule. Hakuna buletini, hakuna fimbo. Mpira, nyimbo, kusoma kidogo kwa anayetaka, bustani, kazi za mikono, na kulala kwa wadogo.

La pili: wawepo watu wa kutunza. Tunao. Vijana waliomaliza mtihani wa Serikali wanakaa wanangoja matokeo. Skauti, Kiro na Xaveri wanajua kukaa na watoto. Kambi zao za vakansi ni nzuri, lakini zina siku chache, na mama anatoka kila siku. Mama wawili wazima wa kila jumuiya ndogo wapokezane, maana vijana peke yao hawatoshi, na mtoto wa watu ni amana. Majina yaandikwe, anayeleta mtoto na anayemchukua.

La tatu: chakula. Kila mzazi alete kikombe cha unga na kipande cha makala, au franka kidogo. Asiye nacho asirudishwe. Wazee wetu wamesema kidole kimoja hakivunji chawa. Nasi tumeona kwamba vikombe arobaini vya unga vinajaza chungu.

La ine linawahusu wenye kuajiri watu, na wengine wao wanakaa benchi za mbele Dominika. Waangalie orodha ya wafanyakazi wao. Mama mwenye watoto wadogo apewe konje yake vakansini, si mwezi wa pili. Aruhusiwe kuingia nusu saa nyuma ili ampeleke mtoto uwanjani. Nusu saa haijamfilisi bwana yeyote.

Haya si mageni katika Kanisa. Huko Torino mwaka 1841 Padri Yohana Bosco alianza kuwakusanya vijana wa kazi, ambao siku ya Dominika walikuwa hawana pa kwenda. Hakuwa na nyumba ya fahari, alikuwa na uwanja na moyo. Wanawe Wasalesiani wako mji huu tangu mwaka 1911, na watoto wengi wa njiani wanajua mlango wao. Tusiwaachie wao peke yao kazi ambayo kila parokia inaweza kuanza kwa ufunguo mmoja.

Sisi tumeanza. Vakansi iliyopita tulifungua kile chumba. Siku ya kwanza walikuja watoto kumi na mmoja, juma la tatu walipita sitini, na tukatambua kwamba tunahitaji sufuria kubwa zaidi na mama wengine wawili. Kioo kimoja kilivunjika. Tumekwisha kukitengeneza.

Ndugu makatekista, ndugu wa baraza za parokia, mabwana direkteri: mwezi wa sita ukikaribia tena, kabla ya kutia kufuli, tokeni kwanza nje saa kumi na moja ya asubuhi, msimame njiani, mhesabu mama wanaopita na mizigo kichwani. Halafu rudini mwamue.